Mchagua Jembe Si Mkulima. Je, Mchagua Rodi?

Kwa karibu miaka mitatu nilikula kwa kuwaambia watu nisiowajua wanunue rodi gani ya kuvulia samaki. Niliandika kuhusu rodi 10 bora za baharini, rili 7 za anayeanza, na chambo bandia ambazo jodari hawezi kuzikataa. Mteja wangu yuko ng'ambo na sijawahi kumwona uso. Alikuwa analipa dola 8 kwa kila maneno 1,000. Juu ya kila makala aliweka picha ya mzee wa kizungu mwenye ndevu nyeupe na kofia ya jua, akitabasamu kama mtu aliyezaliwa ndani ya boti. Huyo ndiye aliyesemekana kuwa mwandishi.

Huyo mzee ni mimi. Nakaa bedsita hapa Kilifi, umri wangu haujafika 30, ndevu zenyewe hazijakubali kutoka vizuri, na mpaka Februari mwaka jana sikuwa nimewahi kushika rodi hata siku moja.

Nianze na hilo ili tuelewane. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo iliposhinda familia, nikarudi Pwani na laptopu ya kuazima. Msee mmoja wa mtaani akanionyesha kazi za kuandika mtandaoni. Kabla ya rodi niliandika kuhusu magodoro, chakula cha mbwa na mashine za kukatia nyasi. Sina mbwa, sina nyasi. Lakini makala za uvuvi zilinikolea kwa sababu bahari iko dakika 15 kutoka mlangoni kwangu, na nilijidanganya kwamba ukaribu huo ni ujuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unafungua makala kumi za watu wengine juu ya rili ileile, ambao pengine nao hawajaishika. Unasoma maoni ya wanunuzi. Unachota maneno: breki, beringi, uwiano wa gia, kaboni, faiba. Unayachanganya, unayapanga upya, unaongeza sentensi mbili za bashasha, unatuma. Baada ya mwaka nilikuwa naweza kukueleza tofauti ya uzi wa kawaida, ambao hunyumbuka ukivutwa, na uzi wa kusuka, ambao haunyumbuki karibu kabisa. Ningekuambia kwa nini anayemtaka nguru aweke waya mbele ya ndoano: meno yake hukata uzi kama mkasi. Yote hayo ni kweli. Niliyajua kama mtu anavyojua ramani ya mji ambao hajawahi kuukanyaga.

Kisha Mjomba akaniuliza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, amefanya kazi kwenye boti za uvuvi wa mchezo Watamu na Malindi kwa miaka 19. Kama hujawahi kuona kazi hiyo, nikueleze. Alfajiri, kabla wageni hawajafika, yeye yuko botini anafunga chambo na kukagua mafundo. Boti ikitoka nje ya mwamba, yeye ndiye anayepanga nyuzi zinazoburutwa nyuma. Anatazama ndege wanapozunguka, anatazama rangi ya maji pale Sabaki inapomwaga tope lake na bahari ya buluu inapoanza. Anaona pezi la sulisuli kabla mgeni hajamaliza kahawa. Samaki akishika, mgeni anapewa rodi na kiti. Samaki akifika ubavuni, Mjomba anavaa glavu, anaishika lida kwa mkono, anamtuliza. Anachomekwa tegi, kile kialama kidogo chenye namba, ndoano inatolewa, anaachwa aende. Mgeni anapigwa picha.

Sasa sikiliza hii. Kuna chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi huu, IGFA, kilichoanzishwa mwaka 1939. Kanuni zake zinasema mtu mwingine akigusa rodi, rili au uzi wakati mvuvi anapambana na samaki, samaki huyo hahesabiki. Kushika lida mwishoni kunaruhusiwa, kwa sababu hiyo ni kazi ya msaidizi. Kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu, Mjomba, ambaye mikono yake imewagusa mamia ya sulisuli, hajawahi kuvua hata mmoja.

Alinieleza hayo akicheka, tumekaa nje ya nyumba yake, anabangua korosho. Halafu akanyamaza kidogo.

"Nataka mmoja wangu," akasema. "Mmoja tu. Nimshike mwenyewe, nimtoe ndoano mwenyewe, nimwachie."

"Si umevua tangu utotoni, Mjomba?"

"Nimevua kwa mshipi. Mshipi, chubwi na ndoano, kama babako na babu yako. Ule ni uvuvi wa sufuria. Sijaudharau, umenilea. Lakini huu mwingine nimewashikia watu miaka 19, nataka nijue ukoje."

Nakiri ombi lake lilinishangaza. Sisi huku tumezoea kugawana bahari hivi: mchezo ni wa wageni, njaa ni yetu. Mzungu akimrudisha samaki wa kilo 25 majini tunasema ana mambo ya ajabu, lakini tunamwelewa, ana pesa. Mtu wa Watamu akitaka kufanya vilevile tunamwona amepotoka. Nani alisema maskini hana haki ya kutaka kitu kisicholika?

Basi akaniambia, "Wewe si ndiye mwandishi wa mambo haya? Nichagulie."

Rodi za kwenye boti alizijua kama vidole vyake, lakini zile ni nzito, na rili yake moja hufika bei ya pikipiki kuukuu. Alitaka nyepesi, ya kurusha kutoka kwenye mashua ya rafiki yake, na za aina hiyo hakuwa na uzoefu nazo. Alikuwa ameweka shilingi 24,000 za bakshishi, noti kwa noti.

Hapo ndipo ningesema maneno matatu: Mjomba, mimi sijui. Sikuyasema. Niliona sifa. Katika familia yetu mimi ni yule aliyeacha chuo, yule anayekaa na kompyuta usiku kucha na hakuna anayejua anafanya nini. Mara ya kwanza mtu mzima ananiomba ushauri, tena juu ya bahari. Nilifungua makala yangu mwenyewe nikamsomea kwa Kiswahili. Nikamchagulia rodi ya kaboni ya mita mbili na kidogo, pamoja na rili niliyokuwa nimeiweka namba 3 kwenye orodha. Niliiweka namba 3 kwa sababu kampuni yake ilikuwa inampa mteja wangu kamisheni nzuri. Nilikuwa nimeandika kwamba inafaa maji baridi na maji ya chumvi. Sentensi hiyo niliitoa kwenye makala ya mtu mwingine. Nikamwongezea chambo bandia kikubwa cha plastiki chenye ndoano mbili za pembe tatu, moja tumboni, moja mkiani, maana nilikuwa nimeandika kwamba "hazimpotezi samaki".

Mzigo ulifika kwa basi kutoka Nairobi. Aliufungua taratibu, akaifuta rodi kwa pindo la shati kana kwamba ina vumbi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kaskazi, bahari imetulia, upepo mwepesi. Tulitoka na mashua ya rafiki yake yenye injini ndogo, tukapita mpaka wa hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo tangu 1968 hairuhusiwi kuvuliwa, tukaenda mbali nje. Mimi nilitapika mara mbili. Mjomba tayari alikuwa ameitumia rodi ile wiki nzima ufukweni kujizoeza kurusha, na kila jioni aliiosha kwa maji baridi kama anavyoosha za boti.

Karibu saa nne asubuhi tuliona ndege wanashuka. Chini yao dagaa walikuwa wanaruka kama maji yanachemka. Akarusha mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu pezi lile kubwa likafunguka nyuma ya chambo kama tanga. Nilimsikia Mjomba akivuta pumzi. Samaki akashika, akageuka, akaondoka, na rili ikalia kwa sauti ambayo nilikuwa nimeieleza mara nyingi kwenye makala na sikuwahi kuisikia.

Ililia kama nusu dakika. Kisha ikanyamaza samaki angali anakimbia. Breki ilikuwa imekwama. Rodi ikapinda mpaka nikadhani itavunjika, halafu uzi ukakatika, pale juu kwenye ncha. Tukamwona akiruka mara moja kwa mbali, akitikisa kichwa, kisha basi.

Mjomba alibaki ameshika rodi. Nikasema kitu cha kijinga, nikasema, "Pole Mjomba, hiyo pesa nitakurudishia."

"Pesa ilikuwa yangu, nimeitoa mwenyewe," akasema. "Yule samaki je? Kaondoka na ndoano sita mdomoni na anaburuta uzi mita 60. Leo anakula nini? Yeye nani atamlipa?"

Hakuongea tena mpaka tumefika. Jioni aliifungua rili kwenye karai. Beringi zilikuwa zimeshika kutu ya kahawia. Akaniwekea moja kiganjani. "Hii ni ya ziwani," akasema, bila hasira. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Tangu siku hiyo kuna swali limenikaa, na ndilo linalonifanya niandike: mtu ana haki gani ya kumchagulia mwingine kitu ikiwa gharama ya kukosea hatailipa yeye?

Jibu la haraka ni kwamba sikupaswa kuandika juu ya nisichokishika. Nililiamini jibu hilo kwa wiki kadhaa, kisha nikaona halisimami. Karibu kila tunachokijua tumeambiwa. Daktari anatibu ugonjwa ambao hajawahi kuugua. Mwalimu wa jiografia anafundisha barafu ya ncha za dunia akiwa Ganze. Kama kila mtu lazima aguse kwanza ndipo aseme, tungekaa kimya wote, na hata mimi nisingejua kwamba nguru anahitaji waya. Kujua kwa kuambiwa si dhambi.

Basi dhambi iko wapi? Mtazame fundi wa mashua. Wapo mafundi wanaounda chombo ambacho hawatakipeleka baharini wenyewe. Lakini mbao zikiachana, nahodha anajua nyumba ya fundi iko wapi. Atakuja, atasimama uani, atasema maneno, na watoto wa fundi watasikia. Kosa la fundi lina njia ya kurudi nyumbani. Daktari wa zahanati naye hivyo hivyo, mgonjwa wake anarudi kesho na homa ileile. Makosa yangu hayakuwa na njia. Mtu aliyenunua rili namba 3 kule aliko, ikimkwamia, angemtafuta mzee mwenye ndevu ambaye hayupo duniani. Kosa langu lilinirudia kwa sababu moja tu: kwa bahati, mmoja wa wasomaji wangu alikuwa kaka yake mama.

Hilo ni la kwanza. La pili ni sauti niliyotumia.

Kuna hadithi niliyokuwa naipenda sana, niliiandika mara nne kwa namna nne. Mwaka 1936 huko Finland, mvuvi maskini aitwaye Lauri Rapala alichonga samaki mdogo kwa gome la koki, akamfunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akampaka filamu za picha zilizoyeyushwa ziwe kama vanishi. Rapala alikuwa ametazama majini akaona jambo: samaki mkubwa akikuta kundi la wadogo, humfuata yule anayeyumba. Kwa hiyo chambo chake hakikuiga samaki tu. Kiliiga samaki mwenye shida.

Niliiuza hadithi hiyo kama kisa cha ubunifu, na ni ubunifu kweli. Baada ya siku ile ya kaskazi niliisoma tena nikaona kilichonipita. Samaki mkubwa hanaswi kwa ujinga. Ananaswa kwa sababu anaamini alama ambayo tangu kuumbwa kwa bahari ilikuwa inasema kweli: anayeyumba ni mgonjwa. Uongo wa chambo unaweza kufanya kazi kwa sababu ukweli ndio wa kawaida. Bahari ikijaa chambo bandia, alama hiyo itakufa.

Mtu anayetaka kununua rodi ya kwanza naye ana alama yake. Anapita haraka kwenye bei na picha, anatafuta sentensi moja, na akiipata anatulia. Nilikuwa naijua sentensi hiyo, na niliiweka kila mahali: "Nimeitumia miezi sita na haijaniangusha." Hapo ndipo penye uongo wangu wote. Orodha haikuwa uongo, maelezo ya gia hayakuwa uongo. Ni sentensi hiyo tu. Ningeandika "nimesoma maoni ya wanunuzi na wengi wameridhika", ningekuwa nimesema kweli, na Mjomba angeniuliza, "Kwani weye hujaishika?", halafu angeenda kumuuliza mtu aliyeishika. Nilimnyima nafasi ya kuniuliza.

Kuna la tatu, na hili limenisumbua zaidi, kwa sababu si langu peke yangu. Ni la mchezo wenyewe.

Katika uvuvi huu, uzi mwembamba ni heshima. Rekodi hupangwa kwa nguvu ya uzi: samaki wa kilo 30 aliyeshikwa kwa uzi wa kilo 4 ni sifa kubwa kuliko huyohuyo kwa uzi wa kilo 24. Wanasema unampa samaki nafasi, pambano linakuwa la haki. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika aya nzima ya kusifu "haki" hiyo. Nilipomsomea Mjomba, baada ya mambo yetu kupoa, alitikisa kichwa.

"Nafasi ya nini? Samaki aliomba mechi?"

Akanieleza anachokiona ubavuni mwa boti. Mgeni mwenye uzi mwembamba hawezi kumvuta kwa nguvu, hivyo anamchosha polepole, saa nzima, wakati mwingine zaidi. Samaki anafika amelala ubavu, rangi imemtoka. Unamshika mdomo, unamwendesha ndani ya maji ili apumue, na ukimwachia huna hakika kama anaogelea au anazama. Kama papa yuko karibu, kazi imeisha. Mwenye uzi mnene anamleta kwa dakika kumi, na samaki anaondoka kwa hasira, akikurushia maji usoni. "Huyo ndiye nampenda mimi," Mjomba akasema. "Anayeondoka na hasira."

Kwa hiyo kile ambacho mchezaji anakiita haki na kile ambacho mwili wa samaki unakiita nafuu vinaweza kuvutana pande mbili. Nadhani sababu ni hii: haki ya mchezo ni ya wawili waliokubali kucheza. Ukinifunga kwa ujanja kwenye mechi niliyoingia kwa hiari, nalalamikia kanuni. Ambaye hakukubali kuingia humdai usawa. Anakudai uangalifu. Na uangalifu unaanzia dukani, siku ya kuchagua, bahari bado iko mbali.

Ndiyo maana leo nikisikia mtu anauliza achague nini, simjibu tena kwa namba za orodha. Uzi uwe mnene kuliko kiburi chako kinavyotaka. Rili iwe imetengenezwa kwa chumvi, na breki yake uipime kwa mizani ya kuning'iniza: funga mizani kwenye uzi, vuta, uone inaachia kwenye theluthi moja hivi ya nguvu ya uzi, tena iachie kwa ulaini, bila kushtuka. Chambo bandia ukipunguze ndoano, moja badala ya sita. Ule mwiba mdogo unaorudi nyuma kwenye ncha ubane kwa koleo. Ukitumia chambo cha kweli, chukua ndoano ya duara, ambayo mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa mpaka tumboni. Na picha mpige akiwa majini. Orodha hii haina kamisheni.

Rafiki yangu mmoja, tunakaa ploti moja, alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. "Sasa kama unamwonea huruma kiasi hicho, mbona usimwache? Anayevua kitoweo ana sababu. Nyinyi mnamchoma samaki mdomo ili mfurahi."

Ni hoja nzito na sitaipita kwa mbio. Ningeweza kumjibu kwamba kwa upande wa samaki, sufuria ni mbaya kuliko kuachiwa. Ni kweli, lakini halikuwa swali lake. Ningeweza kumjibu kwa historia. Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi mwaka 1934, na katika zama zile samaki mkubwa aliletwa nchi kavu, akaning'inizwa kwa mkia, mtu akasimama kando yake kwa picha. Leo boti nyingi za Watamu huwaachia sulisuli na nduaro, na taasisi ya African Billfish Foundation, iliyoanza mwaka 1990, hukusanya habari za tegi zao, samaki akinaswa tena mbali huko wajue amekwenda wapi. Samaki aliye hai pia huwaleta wageni mwaka unaofuata, na kwa wageni hao wapo watoto wanaolipiwa karo, nikiwemo mimi mpaka ule mwaka wa tatu. Hayo yote ni mazuri, na wema wenye faida haugeuki kuwa ubaya. Lakini yanaeleza kwa nini umwachie ukishamnasa. Hayaelezi kwa nini umnase.

Kwa hiyo nilimwambia ninachoamini mpaka sasa, na si kikubwa. Njaa ina udhuru, mchezo hauna. Anayecheza na maumivu ya kiumbe mwingine lazima kwanza ajibebeshe yeye kila kinachobebeka: pesa ya kifaa kinachofaa, muda wa kujifunza, aibu ya kupoteza rekodi, ujasiri wa kukata uzi mapema. Asimwachie samaki amlipie uvivu wake. Akishafanya yote hayo, kuna maumivu yatakayobaki, na hayo ayaite maumivu, asiyaite mechi. Rafiki yangu akasema mtu akifika hapo kwa ukweli ataacha kuvua. Huenda. Lakini siwezi kumkataza Mjomba kitu ambacho nimewahimiza watu maelfu ng'ambo wakifanye, kwa kuwa tu yeye ni wa kwetu na hana kofia ya jua.

Utotoni nilikuwa naambiwa sana ile methali, mchagua jembe si mkulima. Niliambiwa nikiwa nachelewa kwenda shamba. Na ni methali nzuri kwa anayelima shamba lake: akichukua jembe bovu, mgongo utakaouma ni wake. Sasa naona ina mpaka. Mgongo utakaouma ukiwa wa mwingine, kuchagua ndiyo kazi yenyewe, na anayeharakisha hapo ndiye mvivu.

Nilimwandikia mteja. Nikamwomba aiondoe ile sentensi ya miezi sita na aishushe rili namba 3. Akajibu kwa upole kwamba makala hiyo ndiyo inayoingiza pesa kuliko zote, hivyo itabaki, na kwamba niko huru kuacha kazi. Kodi yangu ni 6,500. Niliendelea miezi miwili zaidi, nakiri. Nilichoweza kufanya ni kutoiandika tena sentensi hiyo kwenye kazi mpya. Kisha siku moja kazi zikakatika. Programu ya akili bandia inaandika makala hizo kwa sekunde, na yule mzee mwenye ndevu bado anatabasamu. Yeye na programu hiyo wanafanana: hakuna aliyewahi kushika rodi, na hakuna anayeweza kusimamishwa uani.

Mwezi uliopita mgeni mmoja mzee alikuwa anahama Malindi na anauza vifaa vyake. Mjomba akanipigia twende wote. Safari hii nilikaa kimya. Aliokota rili, akaizungusha karibu na sikio kama anasikiliza saa. Akauliza: ilitumika wapi, nani alikuwa anaiosha, mbona unaiuza? Akatoa mizani mfukoni, akavuta uzi, akairudisha rili mezani, akazunguka, akairudia. Tulikaa pale karibu saa mbili. Mwishowe alichukua Penn moja kuukuu, kubwa kwangu kwa umri, rangi imebabuka lakini inazunguka kama maji. Nilitaka kulipa yote, akakataa. Tukakubaliana nusu kwa nusu, na sharti moja: nami niwe ndani ya mashua.

Jumamosi tunatoka, kaskazi ikiruhusu. Chambo kina ndoano moja, tumeubana mwiba wake. Yeye atashika rodi, na safari hii hakuna atakayeigusa. Mimi nimepewa koleo. Akiniambia kata, nakata.